Maneno Manne kwa Juma: Namna ya Kujifunza Kiingereza cha Masomo

Tuwachukue wanafunzi wawili wa kidato cha tatu walioketi dawati moja katika shule iliyo karibu na Ziwa Tlawi, wilayani Mbulu. Wote wawili wamekulia hapo. Wote wanajua kwamba wakati wa kiangazi maji ya ziwa hurudi nyuma, na wote wanajua sababu zake: jua hugeuza maji kuwa mvuke, upepo huuchukua mvuke huo, na vijito huleta maji machache kuliko yanayopotea. Siku ya mtihani wa jiografia wanakutana na swali hili: "Account for the fall in the level of a lake during the dry season."

Wa kwanza anajaza ukurasa mzima. Anaandika jinsi maji yanavyorudi nyuma, jinsi matope yanavyojitokeza na jinsi matete yanavyobaki mahali pakavu. Wa pili anaandika mistari sita tu, akitaja sababu tatu na namna kila moja inavyofanya kazi. Wa pili anapata alama zote. Wa kwanza anaambulia moja au mbili.

Kilichomwangusha wa kwanza si jiografia. Ziwa analijua kama anavyoujua ua wa nyumbani kwao. Kilichomwangusha ni maneno mawili, "account for", ambayo maana yake ni "toa sababu za". Yeye aliliona neno "account", akalihusisha na habari au hesabu, akakisia kwamba anatakiwa kusimulia. Kosa la neno limehesabiwa kuwa kosa la elimu, na hati yake ya matokeo itasema kwamba hajui jiografia.

Makala haya yanawahusu mwanafunzi huyo na mwalimu wake. Yanajibu maswali matatu: ni maneno gani ya Kiingereza yanayostahili kujifunzwa kwanza, kwa nini tunayasahau, na ni kwa njia gani neno huwa mali ya mtu mwenyewe.

LUGHA TATU KATIKA KICHWA KIMOJA

Mtoto wa Tlawi aghalabu huanza kusema kwa Kiiraqw, lugha ya jamii ya Kikushi isiyo na udugu wa karibu na Kiswahili wala na Kiingereza. Jina la Tlawi lenyewe ni ushahidi. Herufi "tl" zinawakilisha sauti moja, itolewayo kwa kubana ulimi kwenye ufizi na kuiachia hewa kwa kishindo pembeni mwa ulimi. Sauti hiyo haimo katika Kiswahili wala katika Kiingereza. Hali kadhalika, nomino za Kiiraqw zina jinsi tatu, ilhali za Kiswahili zimepangwa katika ngeli.

Mtoto huyo akiingia shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kama ilivyokuwa tangu 1967. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka na kuwa ya Kiingereza. Mgeuko huo si mdogo, na uzito wake ulitambuliwa zamani. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kuwa lugha ya kufundishia katika shule za sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, baada ya kupima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania, walieleza kwamba wengi wao hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine.

Mjadala wa lugha ya kufundishia una uzito wake, nami siukati hapa. Lakini mwanafunzi aliye kidato cha pili leo hawezi kuungoja uishe. Anahitaji njia ya kuvuka mto huku wazee wakishauriana kuhusu daraja.

Wala tusizione lugha zake mbili za kwanza kuwa mzigo. Mwaka 2002 Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling walichapisha kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza, kazi inayodhihirisha kwamba lugha hizo zaweza kuwekwa bega kwa bega. Mtu ambaye amekwisha kujifunza lugha mbili anajua kazi ya kujifunza lugha. Linalobaki ni kuifanya kazi hiyo kwa utaratibu.

MANENO YAPI?

Wanafunzi wengi hudhani kwamba msamiati wa juu maana yake ni maneno adimu na ya fahari. Madaftari mengi yana orodha ndefu za maneno kama "magnanimous", "loquacious" na "perspicacious", kila moja likiwa na maana yake pembeni. Maneno hayo si mabaya, lakini mwanafunzi aweza kumaliza kidato cha nne bila kukutana nayo hata mara moja katika kitabu cha kemia. Wakati huohuo anakutana kila siku na "indicate", "assume", "derive" na "whereas", naye huyapita kwa sababu hayana sura ya ukubwa.

Wataalamu wamelifanyia hesabu jambo hili. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno ya msingi ya Kiingereza yapatayo 2,000. Mwaka 2000 Averil Coxhead, huko New Zealand, alichapisha orodha ya pili. Alikusanya maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno karibu milioni 3.5, kutoka sanaa, biashara, sheria na sayansi, kisha akatafuta maneno yanayojirudia katika fani zote hizo lakini hayamo katika orodha ya West. Alipata koo 570 za maneno. Ukoo mmoja ni neno pamoja na ndugu zake: "analyse", "analysis", "analyst" na "analytical" ni ukoo mmoja.

Katika maandishi hayo, kati ya kila maneno 100, yapatayo 76 yalitoka katika orodha ya msingi na yapatayo 10 yalitoka katika koo zile 570. Yaliyobaki yalikuwa istilahi za fani maalumu, majina na maneno adimu. Ndiyo kusema koo 570 tu huchukua sehemu moja ya kumi ya maandishi ya kitaaluma. Hakuna orodha ya maneno ya fahari inayoweza kumlipa mwanafunzi faida kama hiyo.

Msomaji aweza kuuliza: sehemu moja ya kumi ina uzito gani? Tujaribu kwa Kiswahili. Soma sentensi hizi mbili, ambazo ndani yake nimetia maneno ya kubuni:

"Wakati wa kiangazi maji ya ziwa hugabuka. Mfuzigo huo hupanda hadi kwenye baridi, ambako hutevya na kuwa matone madogo yazuvanayo."

Kuna maneno 20 hapo, na manne tu ndiyo usiyoyajua, yaani moja katika kila matano. Sarufi ni ya Kiswahili na maneno mengi ni ya kila siku. Hata hivyo, asiyeijua habari hii tangu awali hawezi kujifunza kwa sentensi hizi jinsi mawingu yanavyotokea, kwa maana maneno yaliyokosekana ndiyo yaliyobeba elimu. Mwaka 2000 Hu na Paul Nation walichapisha uchunguzi wa aina hii. Wasomaji waliokosa neno moja katika kila matano hawakuielewa hadithi waliyopewa kwa kiasi cha kutosha. Watafiti hao walikadiria kwamba msomaji anahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100 ili asome bila msaada.

Sasa tupige hesabu ya matumaini. Tukichukulia kwamba mwaka wa shule una majuma 36 ya masomo, miaka minne ina majuma 144. Gawa 570 kwa 144: utapata karibu 4. Mwanafunzi anayejifunza koo nne tu kila juma, akizijifunza kwelikweli, atakuwa ameimaliza orodha nzima siku ya mtihani wa kidato cha nne.

NENO HALINA PACHA

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kila neno la Kiingereza lina pacha wake katika Kiswahili, na kwamba ukishaandika jina la pacha huyo kazi imekwisha. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo, nilimpelekea msimamizi wangu sura ya kwanza ya tasnifu yangu. Aliirudisha ikiwa na maneno machache pembeni: nilikuwa nimesema jinsi mambo yalivyo, sikusema kwa nini yako hivyo. Nilishangaa, kwa sababu kwa fikira zangu nilikuwa "nimeeleza". Ndipo nilipotambua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nimeyafunga maneno mawili, "describe" na "explain", katika kifurushi kimoja cha neno "eleza". Kwa Kiingereza cha masomo, "describe" ni kusema kitu kilivyo, na "explain" ni kusema sababu au namna kinavyotokea. Mtahini anayeuliza la pili hatatosheka na la kwanza.

Chukua pia neno "nguvu". Katika mazungumzo yetu neno hili hubeba maana ya "force", "power", "energy" na "strength". Mwanafunzi wa fizikia anayeandika "nguvu" mbele ya maneno yote manne amejiwekea mtego, kwani katika fizikia hayo ni mambo mbalimbali yenye vizio mbalimbali. Wataalamu wa istilahi walijitahidi kuyatenganisha kwa kutumia maneno kama "kani" na "nishati"; mwanafunzi naye hana budi kuyatenganisha katika daftari lake.

Hata neno dogo kama "work" lina maisha mawili. Mama achotaye maji akiinua ndoo ya kilo 20 hadi kimo cha meta 1.5, ameifanyia ndoo hiyo "work" ya jouli 300, yaani 20 mara 10 mara 1.5. Akitembea nayo kichwani kilometa nzima kwa mwendo ulio sawa kwenye tambarare, nguvu inayoishikilia ndoo juu haifanyi "work" yoyote kwa hesabu za fizikia, kwa sababu ndoo haikupanda wala kushuka. Shingo ya mama ina maoni mengine, na kwa lugha ya kila siku shingo ina haki. Mwanafunzi lazima ajue ni lini anasema lugha ya shingo na ni lini anasema lugha ya fizikia.

Kulijua neno, basi, ni kujua mambo matatu: maana yake katika somo linalohusika, ukoo wake, na maneno linaloandamana nayo.

Juu ya ukoo, msemaji wa Kiswahili ana akiba kubwa asiyoitambua. Anajua kwamba "pima" huzaa "kipimo", "upimaji", "mpimaji" na "pimika". Vivyo hivyo "measure" huzaa "measurement" na "measurable". Kiswahili hutumia viambishi vya mwanzo na vya mwisho. Kiingereza hupenda vya mwisho. Kiishio "-ment" au "-tion" aghalabu huunda jina la tendo, "-able" huonyesha linalowezekana, na "-er" au "-or" humtaja mtendaji. Tahadhari moja yahitajika: njia hizi hazifuati kanuni moja. Kutokana na "analyse" tunapata "analysis", si vinginevyo. Kwa hiyo ukoo hujifunzwa, haukisiwi.

Juu ya maandamano, tazama makosa haya yanayotokana na fikira za Kiswahili. Kwa kuwa sisi hujadili "juu ya" jambo, mwanafunzi huandika "discuss about". Neno "discuss" halitaki kiungo chochote, huandikwa "discuss the results". Kwa kuwa sisi husisitiza "juu ya" jambo, huandika "emphasize on". Hapa pia kiungo hakitakiwi. Kwa kuwa "vifaa" ni wingi, huandika "equipments". Kiingereza sanifu husema "equipment" bila "s", hata vifaa viwe elfu. Ndivyo ilivyo kwa "evidence", "information" na "advice". Makosa haya si ya uvivu. Ni akili ya lugha moja inayofanya kazi katika nyumba ya lugha nyingine, na dawa yake ni kulijifunza neno pamoja na majirani zake.

KWA NINI TUNASAHAU?

Mwaka 1885 mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akangoja, kisha akajifunza tena orodha zilezile na kupima kiasi cha kazi alichookoa. Baada ya saa moja akiba ilikuwa karibu asilimia 44. Baada ya siku moja ilikuwa karibu 34, baada ya siku 6 karibu 25, na baada ya siku 31 karibu 21. Kusahau, kwa hiyo, huenda mbio mwanzoni kisha hupunguza mwendo.

Lakini Ebbinghaus aligundua na jambo jingine ambalo walimu hulitaja mara chache. Alikariri pia beti za utenzi wa Byron uitwao "Don Juan", na akaona kwamba maneno yenye maana na mfululizo yalihitaji takriban sehemu moja tu ya kumi ya marudio yaliyohitajika kwa silabi tupu zenye urefu uleule. Orodha ya maneno iliyotengwa na sentensi, kwa mtoto asiyeyajua, ni silabi tupu. Sentensi ndiyo inayoipa maana na mfululizo.

Jaribio la pili linatuhusu kwa karibu zaidi. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger wa Marekani walitaka kujua lipi huimarisha kumbukumbu: kusoma tena au kujiuliza tena. Walihitaji maneno ambayo wanafunzi wao hawakuyajua kabisa, wakachagua ya Kiswahili. Vijana wa chuo kikuu walipewa jozi 40 za maneno ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza. Walisoma na kujipima mara kwa mara. Tofauti ilikuwa katika yale maneno waliyokwisha kuyakumbuka mara moja. Baadhi waliendelea kujipima kwayo. Wengine waliacha kujipima kwayo, na miongoni mwao wamo walioendelea kuyasoma.

Mwisho wa mafunzo makundi yote yalikuwa yameyajua maneno karibu yote. Walipoulizwa watakumbuka kiasi gani baada ya juma moja, makundi yote yalikisia karibu nusu. Juma lilipopita, walioendelea kujipima walikumbuka asilimia 80 hivi. Walioacha kujipima walikumbuka kama 36, au 33 kwa walioacha kusoma pia. Kusoma tena neno lililokwisha kujulikana hakukuleta faida ya maana. Kulivuta tena kutoka kichwani ndiko kulikolihifadhi.

Basi mwanafunzi anayelipitia daftari lake mara kumi kwa macho anajidanganya kwa nia njema. Anaona neno na maana yake pamoja, moyo unasema "hili nalijua", naye anageuza ukurasa. Laiti angefunika upande mmoja kwa kiganja na kujiuliza, angejua mara moja kama analijua au la.

SENTENSI ILIYO HAI

Tumekwisha kuona kwamba neno hudumu likiwa na maana, likiwa na majirani, na likivutwa kutoka kichwani mara kwa mara. Kutunga sentensi huyatimiza yote matatu kwa pamoja, ila sentensi yenyewe iwe hai. Mwanafunzi akiambiwa atunge sentensi kwa neno "erosion", huenda akaandika: "Erosion is bad." Sarufi haina kosa, lakini sentensi haijui lolote. Ondoa neno "erosion" uweke "malaria", "hunger" au "theft", itasimama vilevile.

Ninapendekeza jaribio la pengo. Ondoa neno katika sentensi yako, mpe mwenzako asome, naye akisie lililokuwamo. Akishindwa, sentensi yako haikulibeba neno. Jaribu hii: "After the trees were cut, ____ carried the soil of our slope down to the lake." Hapa pengo linaita neno moja tu.

Jambo la pili: sentensi iwe ya kweli. Andika kuhusu kile ulichokiona, ulichokipima au unachoweza kukihakiki. Usiandike kwamba kina cha ziwa kimepungua kwa meta mbili iwapo hukupima. Kufanya hivyo ni kujifunza lugha na sayansi kwa pamoja, kwani sayansi nayo ni sentensi za kweli zilizotungwa kwa uangalifu.

Kwa kila neno tunga sentensi tatu. Ya kwanza inakili kutoka kitabu cha somo, uone wenyewe wanavyolitumia. Ya pili itunge kuhusu mazingira yako. Ya tatu ifunge mambo mawili kwa kiungo kama "because", "although" au "whereas", kwa maana Kiingereza cha mtihani ni lugha ya kufunga hoja, si ya kutaja vitu peke yake.

JUMA MOJA LA MFANO

Tuchukue koo nne: "indicate", "accumulate", "despite" na "sufficient". Kata vipande vinne vya karatasi ngumu. Boksi kuukuu latosha. Upande mmoja andika sentensi yenye pengo. Upande wa pili andika neno, ukoo wake na majirani zake.

"Indicate" ni kuonyesha kwa dalili. Ukoo wake ni "indication" na "indicator". Huandamana na "that". Mfano: "The wet mark on the reeds indicates that the water was higher last week." Katika kemia, karatasi ya litimasi huitwa "indicator" kwa sababu hutoa dalili ya asidi au besi.

"Accumulate" ni kujikusanya kidogokidogo. Jina lake ni "accumulation". Mfano: "When the slopes are bare, soil accumulates at the bottom of the lake." Watu kumi wakija mkutanoni kwa pamoja hatutumii neno hili, vumbi likijikusanya juu ya kabati, twalitumia.

"Despite" ni "licha ya". Kiswahili kinataka "ya", lakini Kiingereza hakitaki "of". Hufuatwa na nomino: "Despite the heavy rain, the tank was not full." Ukitaka kuweka sentensi nzima, tumia "although": "Although it rained heavily, the tank was not full."

"Sufficient" ni -a kutosha kwa kusudi fulani. Ndugu zake ni "sufficiently" na "insufficient". Mfano: "One bucket of water was not sufficient for forty seedlings." Kabla ya kuliandika jiulize: ya kutosha kwa nini? Sentensi isiyojibu swali hilo haijakamilika.

Jumatatu jifunze maneno yote manne na utunge sentensi. Jumanne jiulize kwa kutazama upande wa pengo tu. Alhamisi jiulize tena. Jumatatu inayofuata jiulize kabla ya kuanza maneno mapya, na baada ya mwezi jiulize mara nyingine. Usilitupe neno kwa kuwa umelipata mara moja. Vijana wa Marekani waliofanya hivyo walipoteza zaidi ya nusu.

Ijumaa andika aya moja inayoyatumia yote manne. Kwa mfano: "Despite the rain in April, the water in the stream did not rise much. Our measuring stick indicated a rise of only three centimetres. Sand had accumulated above the bridge, and the flow was not sufficient to wash it away." Walio karibu na ziwa au kijito wanaweza kusimamisha fimbo yenye alama za sentimeta na kuisoma kila Ijumaa. Walio mbali watumie pipa la maji ya mvua. Baada ya mwaka mmoja watakuwa na kumbukumbu za maji zenye thamani, zimeandikwa kwa Kiingereza chao wenyewe.

NENO KWA WALIMU

Kwanza, kazi hii si ya mwalimu wa Kiingereza peke yake. Mwalimu wa biolojia ndiye anayejua "function" ina maana gani katika somo lake, na mwalimu wa hisabati ndiye anayejua maana tofauti kabisa ya neno hilohilo. Kila mmoja atoe dakika tano mwanzoni mwa kipindi kwa neno moja.

Pili, swali "Mmeelewa?" halipimi kitu. Badala yake andika ubaoni sentensi yenye pengo na usubiri. Kimya cha nusu dakika, vichwa vikitafuta, ni kimya chenye kazi.

Tatu, tusiogope kutumia Kiswahili, na hata Kiiraqw, kuifungua dhana. Dhana ikishaeleweka, jina lake la Kiingereza hupata mahali pa kukaa. Neno la Kiswahili "usanisinuru" humwambia mtoto waziwazi kwamba kuna kusanisi na kuna nuru. Akishaelewa hayo, "photosynthesis" huwa jina la kitu anachokijua. Kumwaibisha mtoto kwa sababu amesema lugha yake hakumfundishi neno hata moja la Kiingereza. Humfundisha kunyamaza, na anayenyamaza hatungi sentensi.

Nne, tusahihishe sentensi, tusihesabu maneno. Neno moja katika sentensi ya kweli ni bora kuliko ishirini katika orodha.

Turudi kwa mwanafunzi yule wa kwanza. Elimu ya ziwa anayo. Aliipata kwa macho yake kabla hajaingia darasani. Alikosa maneno mawili tu. Maneno hayo si ya watu wateule, nayo hayahitaji kipaji: yahitaji kipande cha boksi, sentensi ya kweli, na kujiuliza tena baada ya siku mbili, baada ya juma na baada ya mwezi.

ZOEZI

1. Tafuta katika karatasi za mitihani iliyopita maneno haya: "state", "describe", "explain", "account for", "distinguish" na "justify". Kwa kila moja, andika kwa Kiswahili mtahini anataka ufanye nini.

2. Sahihisha: (a) "We discussed about the experiment." (b) "Despite of the wind, the fire was put out." (c) "The laboratory has many equipments."

3. Andika ukoo wa maneno haya kwa msaada wa kamusi: "assume", "derive", "vary", "significant".

4. Tunga sentensi kwa neno "decline" kuhusu jambo ulilolipima mwenyewe, kisha ifanyie jaribio la pengo kwa mwenzako.

5. Chagua maneno yako manne ya juma lijalo kutoka kitabu cha somo unalolipenda kidogo kuliko yote. Huenda ukagundua kwamba hukulichukia somo, bali lugha yake ilikuwa bado haijafunguka kwako.